Mhadhara Juu ya Siri za Majiko, Uliotolewa Mbele ya Bucha Moja ya Mtaa wa Umoja, Nairobi

Enyi hadhirina watukufu, wakazi wa Innercore na nyinyi mliojikaza kuvuka kutoka Kayole kwa ajili ya elimu, mimi, Allama wa Majiko, cheo nilichojitunukia baada ya kutazama kushoto na kulia nisimwone mwenye sifa ya kunitunuku, nawashukuru kwa utulivu wenu, ingawa najua baadhi yenu mnangoja nyama wala si hekima.

Mwaka 2000 Anthony Bourdain, mpishi wa mkahawa wa Les Halles kule New York, alitoa kitabu Kitchen Confidential, akawaacha walaji wa mji ule wameduwaa. Kwani alifichua kwamba samaki wa Jumatatu aghalabu amelala tangu mwisho wa juma, na kwamba mteja atakaye nyama iliyoiva kabisa huwekewa pande duni kuliko yote, maadhali moto ukishapita hatambui tena zuri na baya. Kabla yake, mwaka 1933, Mwingereza George Orwell alikwisha kusimulia jinsi alivyoosha vyombo katika hoteli ya Paris, ambako uchafu na fahari vilitenganishwa na mlango tu.

Zingatieni sasa, maana hapa ndipo ubingwa wangu unapoanza. Nairobi nzima hula nyama iliyoiva kabisa! Kwa kanuni ya Bourdain, basi, sisi sote, toka waziri hadi makanga, tungekuwa walaji wa mapande duni tangu babu zetu, na nilipolitambua jambo hilo usingizi ulinihama. Lakini tazameni desturi ya bucha: mteja, atake choma, atake tumbukiza, hunyoosha kidole kuelekea kwenye kulabu, husema, “Nipimie nusu, hapo kwa mbavu,” mizani hushuka mbele ya macho yake, ndipo nyama iende motoni. Pande lake amelichagua mwenyewe lingali bichi. Mpishi hana la kumpangia. Bourdain alifika Kenya pamoja na mchekeshaji W. Kamau Bell, na kipindi chao cha televisheni kikaonyeshwa Septemba 2018, miezi michache baada ya kifo cha Bourdain. Nasikitika hatukukutana nikamsahihisha.

Je, siri zimekwisha? Hasha! Zimehama tu. Baina ya mizani na ubao pana safari ndefu, na juu ya wavu mna mbavu za watu kadha wa kadha ambazo, zikishapigwa na moshi, zinafanana kama mapacha. Ndiyo sababu wajuzi huketi wakielekea jiko, soda mkononi, wakijidai wanatazama mpira. Mchomaji naye, mwenye kumbukumbu kubwa kuliko karani wa benki, huzigeuza kwa ncha ya kisu, bila alama wala risiti, asikosee hii ni ya nani na ile ni ya nani. Kisha huileta nyama yako ubaoni, huikata vipande vidogo vidogo, humwaga rundo la chumvi pembeni, husogeza kachumbari, na katika pilikapilika hiyo kipande kimoja, kile chenye mafuta kidogo karibu na mfupa, hutoweka. Ukimwuliza, atakujibu, huku akitafuna, “Naonja kama imeiva, mkubwa,” jawabu ambalo lingekuwa na nguvu zaidi kama hangekuwa amekwisha kuikata yote.

Kwa hiyo natoa rai, baada ya taamuli ya miaka mingi, kwamba amana ya kuonja isiachwe kwa mtu ashindaye na nyama kutwa, ambaye ulimi wake umezoea hata hauna insafu tena, bali ikabidhiwe mtaalamu wa nje, asiyefungamana na bucha wala na mteja, na ambaye kwa bahati njema yupo hapa na amenawa mikono. Sogeza ubao, kijana. Maswali mwulizeni mchomaji. Mimi, kwa sababu za kitaaluma, kinywa kimejaa.