Nata na Mkaa wa Juu

Lisbon, Ureno

Kwa Mama, Bibi, na wote mtakaosomewa barua hii chini ya mti huko Balangdalalu,

Ile kelele aliyoisikia Mama kwenye simu Jumamosi haikuwa gari la wagonjwa. Ilikuwa king'ora cha moshi. Kwetu jiko likifuka, watoto wanajua chakula kinakuja. Huku jiko likifuka dari inapiga mayowe, na majirani wanajua Mtanzania yuko jikoni.

Nilikuwa naoka nata.

Nata ni kitu kidogo cha kukaa kiganjani: kikombe cha unga wa ngano chenye tabaka nyembamba kama karatasi, ndani kastadi ya maziwa na viini vya mayai, juu pamebabuka madoa kama ya chui. Jina kamili ni pastel de nata. Kwa Kireno nata ni yale mafuta yanayoelea juu ya maziwa, lakini nilipouma ya kwanza na sukari ikanishika ndevu, nikajua hawa watu wanaongea Kiswahili ila hawajaambiwa. Meza wanaiita mesa, kopo ni copo, leso ni lenço, mvinyo ni vinho. Maneno hayo walituachia walipokuwa wakizunguka pwani yetu. Hata Vasco da Gama, tuliyemkariri shuleni kwamba alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, kaburi lake nimelikuta hapa, katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, eneo la Belém. Nilisimama mbele yake nikazikumbuka fimbo nilizokula kwa kuandika kwamba alifika Katesh kwetu.

Hatua chache kutoka hapo kuna duka linalouza nata tangu 1837. Inasimuliwa kwamba watawa walikuwa wakitia ute wa mayai kwenye nguo ili zikauke zikiwa zimenyooka, viini vinabaki, basi wakavigeuza vitamutamu. Monasteri zilipofungwa mwaka 1834, mapishi yakahamia dukani, na hadi leo yanajulikana na watu wachache, wanaochanganya mambo yao mlango umefungwa. Foleni ya pale ni kama ya ng'ombe siku ya josho, ila hawa wanatoka wakitabasamu.

Mimi na foleni hatuelewani. Nikamwomba jirani yangu, mama mtu mzima wa ghorofa ya tatu, anifundishe nioke mwenyewe.

Tukaanza na unga, nikamkumbuka Babu. Miaka ile ya 1970 na 1980, serikali ilipolima ngano Basutu kwa msaada wa Kanada, kwenye nyanda walizokuwa wakichungia wazee wetu, Babu alikuwa akisema ngano imekula malisho yake na haijamrudishia hata andazi. Basi nikausukuma unga ule kwa hasira ya ukoo mzima.

Unasukuma, unapaka siagi, unakunja, unasukuma tena. Mwisho unaviringisha kama mkeka, unakata vipande, na kila kipande unakibonyeza kwenye kikopo cha bati kwa kidole gumba kilicholowa maji hadi unga upande ukutani mwa kikopo. Kwenye kastadi, Bibi ataniuliza: maziwa ya ng'ombe gani? Bibi, sijui. Ni ya boksi. Ng'ombe wake hana jina wala hajulikani rangi, ila kwenye boksi amechorwa anacheka. Unayachemsha na unga kidogo, unatia sukari iliyochemshwa na maji, mdalasini na ganda la limau. Viini saba vinaingia mwishoni, moto ukishatulia, la sivyo unapata mayai ya kukaanga yenye sukari.

Ute wa mayai saba ukabaki. Kumwaga nikaona dhambi, nikawakumbuka watawa, nikautia kwenye shati la Jumapili. Asubuhi nilikuta shati limesimama lenyewe linanisubiri. Kanisani kila nilipopiga magoti lilialika kama kuni mbichi, na wakati wa kurudi mbwa wawili walinisindikiza hadi mlangoni.

Kwa jirani nata zilitoka. Kwangu siagi ilichuruzika ikaangukia chini ya oveni, ikawaka, na hapo ndipo dari ilipopiga mayowe. Chini ya nata pameungua, juu pamepauka kama mgonjwa. Mama akiwa bado kwenye simu, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Unasukuma, unapaka mafuta, unaviringisha, unakata?"

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo ni chapati. Umekwenda Ulaya kupika chapati yenye uji wa mayai."

"Lakini juu haziivi, Mama."

"Hapa nyumbani keki tunaoka na nini?"

"Na sufuria. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko."

"Sasa wewe juu umeweka nini?"

Sikuwa na jibu. Kwenye oveni kuna alama kama meno ya msumeno, nilikuwa sijawahi kuigusa. Nikaiwasha, nikapandisha hadi nyuzi 250. Kumbe ndio mkaa wa juu! Madoa ya chui yakatoka. Zikatoka pia korosho za Mtwara nilizokuwa nimezimwaga juu, nyeusi kama mkaa wenyewe. Sinia la pili nikazitwanga kidogo nikazitandaza chini, kabla ya kumimina kastadi.

Jirani hutia lozi. Nilipompelekea sita za korosho nikamweleza kwamba mkorosho ulitoka Brazil, na ni Wareno walioufikisha pwani yetu karne ya 16, kwa hiyo nilikuwa narudisha mkopo. Akauma, akafumba macho, akauliza nani kanifundisha moto.

"Mama yangu."

"Ana duka?"

"Ana sufuria mbili."

Tangu hapo hanipi raha. Anataka nikuulize, Mama, makaa ya juu huwa mangapi na ya chini mangapi. Mjibu, yeye ni mtu mwema, lakini usimwambie yote. Wale wa Belém wanachanganya mlango umefungwa. Na wewe rudishia mlango wa jiko.

Wasalaam,
Mwanenu, ambaye shati lake bado limesimama