Sebule Kwanza: Mazungumzo ya Vyombo Umeme Ukikatika

Betri ya akiba, yaani betri inayojazwa na paneli za sola zilizo juu ya bati ili iendeshe vifaa vya nyumbani umeme wa gridi unapokatika, haizalishi umeme wowote; hutunza tu ule iliopewa, na kwa sababu hiyo kila nyumba inayoinunua hulazimika, ijue isijue, kuamua chombo kipi kilishwe na kipi kilale njaa. Uamuzi huo huhesabiwa kuwa wa fundi. Mjadala uliozuka katika nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, jioni ambayo mti ulikuwa umeangukia nyaya za mtaa, unaonyesha kwamba mchango wa fundi ulikuwa mdogo sana.

Waliohudhuria ni Betri, aliyeketi sebuleni juu ya kigoda huku amefunikwa kitambaa cha kufuma, Inveta, ambaye kazi yake ni kuugeuza umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12 utokao kwenye betri kuwa mkondo geu wa volti 230, Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, Pasi, Bibi Chemli, na Friza, aliyekuwa kwenye korido ya jikoni akiwa amejaa lambalamba za ubuyu na ukwaju ambazo mama wa nyumba huwauzia watoto wa mtaa.

Mita alifungua kikao kwa lugha ya tangazo. "Ifahamike kwamba tatizo la leo si upungufu wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na mashine ya kwanza ilianza kazi Februari 2024. Kwa hiyo mgawo wa mwaka 2023 umebaki historia."

"Shikamoo, mzee," alisema Pasi. "Hizo megawati zimeishia wapi? Maana soketi hii haina habari nazo."

"Marahaba, mwanangu. Kuzalisha ni jambo moja na kusambaza ni jingine. Umeme hupita katika njia kuu, ukafika kwenye kituo cha kupoza umeme, ambapo volti hupunguzwa, kisha kwenye transifoma ya mtaa, na mwisho kwenye waya ulio juu ya nguzo. Na mti unapoanguka hauulizi Rufiji kuna megawati ngapi."

Bibi Chemli, aliyewazidi wote kwa umri, alitamka kwamba giza la mgawo na giza la mti hunywa mafuta ya taa kwa kiasi kilekile. Hoja hiyo haikujibiwa.

"Tulieni," alisema Betri. "Sisi wa sebuleni tupo."

Friza aliuliza, kwa adabu, wa sebuleni wana kiasi gani. Inveta, ambaye kama watumishi wengi wa kati alijua hesabu zote na hakuwa na mamlaka yoyote, alifafanua kwamba volti 12 zikizidishwa kwa ampea-saa 200 hutoa wati-saa 2,400. "Hata hivyo, ndugu yetu ni wa risasi na asidi, ukoo ulioanzishwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na betri za ukoo huo zikikamuliwa kupita nusu mara kwa mara hufa mapema. Zinabaki wati-saa 1,200, na hapo hujatoa zile zinazopotea njiani kama joto. Betri za lithiamu huvumilia kutolewa asilimia 80 au zaidi, lakini..."

"Huyo asitajwe humu ndani," alisema Betri.

Pasi, aliyeandikwa wati 1,200 ubavuni, alianza kushangilia, ndipo Inveta alipomkumbusha kwamba yeye Inveta uwezo wake ni wati 1,000: akichomekwa, kengele italia, kila kitu kitazimika, na lawama zitakuwa za Pasi.

Hapo Friza alitoa hoja yake. "Friza dogo likishapoa hula kwa wastani chini ya wati 100, ingawa kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoozea, huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa nukta chache inapoanza. Televisheni ya inchi 55 na king'amuzi chake hula karibu hivyohivyo. Tofauti ni kwamba televisheni haiuzi kitu, ilhali fedha za lambalamba ndizo zinazonunua tokeni za mzee Mita." Mita alitazama pembeni.

"Lakini dada," alijibu Betri, "inajulikana kwamba friza lililojaa, lisipofunguliwa, hutunza ubaridi kwa takriban siku mbili."

"Hilo ni friza lisilo na kazi. Hili hufunguliwa kila mtoto anapoleta shilingi mia."

"Mgeni akiingia ataonyeshwa nini, lambalamba? Siku ya kufunga mtambo fundi aliuliza waya uende wapi, na baba wa nyumba akanyoosha kidole kwenye televisheni kabla swali halijaisha. Mama alikuwa uani akifunga ubuyu kwenye vifuko, na hakuna aliyekwenda kumuuliza."

Maneno hayo, ambayo Betri aliyatoa kama utetezi, ndiyo maelezo kamili ya mchoro wa nyaya za nyumba hiyo, na za nyumba nyingine nyingi.

"Mjukuu," alisema Bibi Chemli, "chemli ilifutwa kioo kila magharibi. Wewe maji yako yanapungua, vumbi limetanda kwenye paneli tangu ilipopandishwa, na chini ya hicho kitambaa vichwa vyako vimeota ungaunga mweupe. Tena unapojazwa hutoa hidrojeni, gesi inayowaka, na madirisha yamefungwa ili mbu wasiingie. Nani amekutazama?"

Betri hakuwahi kujibu, kwa kuwa Simba na Yanga walikuwa wameingia kipindi cha pili na Inveta alikuwa ameanza kulia. Wiki iliyofuata, fundi alipoeleza kwamba betri ya pili ingetosha kumwendesha Friza usiku, baba wa nyumba alikubaliana naye kwa moyo mmoja, akainunua, na kuagiza iunganishwe na taa za ukuta wa nje. Mita aliandika kwamba suala la Friza limepokelewa.