Kifaru cha Alumini

Wamarekani walitaka kifaru cha upelelezi kinachoweza kudondoshwa kutoka kwenye ndege kwa miavuli, kiogelee mtoni, halafu kikitua kikabiliane na vifaru vya Warusi. Wakapata M551 Sheridan: tani 15 hivi, bodi la alumini. Ndiyo, ukoo mmoja na sufuria ya ugali.

Juu ya sufuria hiyo wakapachika mzinga wa milimita 152, unaofyatua makombora ya kawaida na pia makombora ya kuongozwa. Ukipiga lile la kawaida, kifaru kinaruka kama mbuzi aliyekanyagwa kwato, magurudumu ya mbele yanaachana na ardhi, na mitambo ya kuongozea lile kombora ghali inapata mtikisiko. Yaani mke mdogo akiimba, mke mkubwa anaugua.

Maganda ya baruti nayo yalitengenezwa yateketee yenyewe yasibaki mzingani. Wazo zuri, mpaka kifaru kilipofika Vietnam mwaka 1969 na kukutana na unyevu: maganda yakavimba kama mandazi yaliyonyeshewa. Na kwa hofu ya mabomu ya ardhini, askari wengi walipenda kukaa juu ya kifaru kuliko ndani. Kinga hiyo, jamani!

Uzeeni kilipelekwa Fort Irwin, jangwani California, kikavalishwa umbo bandia ili kiigize vifaru vya Warusi, wenzake wakijifunza kukipiga. Kazi hiyo kiliiweza.