Sifa za Mwiba wa Samaki

Lukiano, mwana wa Shamu aliyeandika kwa Kiyunani, alimsifu nzi. Na Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1511, ambacho wasomaji wake hawajakwisha mpaka leo. Maadamu nzi na upumbavu wamepata mawakili hodari kiasi hicho, sioni haya kusimama mbele ya hadhara ya walaji kuutetea mwiba wa samaki, ambao hulaaniwa penye kila sahani, hutemwa, hutupiwa paka, wala hausikii hata siku moja neno la shukrani.

Mahali pa kuisikilizia kesi hii ni Rusumo, wilayani Ngara, pale ambapo Ruvubu imekwisha kukutana na Nyabarongo ikawa Kagera, na maji yanaporomoka mwambani karibu na daraja la mpaka wetu na Rwanda. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam, baada ya kukata zaidi ya kilomita elfu moja na kupita Nyakanazi, Lusahunga na Benaco, hujipanga hapo kungoja idhini ya forodha, na madereva wenye njaa huutafuta mgahawa ulio karibu na mto. Mgahawa ninaoukusudia sitautaja jina, kwa kuwa sifa nitakazoutolea ni nusu, na nusu ya sifa humuudhi mtu kuliko tusi zima. Upepo wake ni wa peponi. Viti vyake vimeletwa kutoka upande wa pili wa mpaka. Ngurumo ya mto huburudisha masikio, na ni heri iburudishe, kwani mteja ataisikiliza kwa muda mrefu: agizo lake hupokewa kwa bashasha, likaingia jikoni, na habari zake zikakatika. Pilipili hufika kwanza, ikafuatiwa na ndimu, kisha ndizi za kupika, laini na tamu kama zipikwavyo Ngara peke yake, na samaki huwasili wakati mlaji amekwisha kusahau kama aliagiza sato au ningu. Lakini huwasili mzima, kutoka kichwa hadi mkia, na ndani yake miiba yote aliyojaaliwa na Mola, hata mmoja haukupunguzwa.

Sato nitampita upesi, kwa sababu miiba yake ni ya kiungwana: mikubwa, michache, nayo hujionyesha mapema. Ningu ndiye sultani wa maji haya yasiyo na chumvi. Huyu ni samaki wa Ziwa Viktoria na mito yake, ambaye mafuriko yanapokuja huacha ziwa akapanda mto kwenda kutaga, na Kagera ilikuwa njia yake mashuhuri mpaka nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito, kuelekea katikati ya karne iliyopita, zilipompunguza hata leo kumpata ni bahati. Nyama yake ni tamu mno, lakini ndani ya nyama hiyo mna vijiti vyembamba vyenye panda, visivyoshikamana na uti wa mgongo wala na kitu kingine chochote, vimetawanyika pasipo utaratibu unaoweza kujifunzwa. Hata mtu aliyemla ningu tangu utotoni humkabili kila mara kama mwanafunzi mgeni.

Tazama basi faida yake. Dereva aliyeingia akimgombeza utingo wake, wakala wa forodha aliyekuja na simu tatu, na mheshimiwa ambaye angeweza kuhutubia tangu adhuhuri hadi magharibi bila kumeza mate, wote wakiketi mbele ya ningu hunyamaza, wakainamisha vichwa, na kila mmoja akachunguza tonge lake kwa uangalifu ambao hajapata kuutumia juu ya hati yoyote aliyotia sahihi. Simba na Yanga husahauliwa. Michango ya harusi haiulizwi. Na mtu akiulizwa deni lake kwa ghafula, huna haja ya kumfundisha hila: huonyesha koo kwa kidole, akatikisa kichwa kwa huzuni, na mdai mwenye ubinadamu hulazimika kumsogezea maji. Mheshimiwa huja na kisu na uma, kwa kuwa cheo kinamdai, walakini baada ya matonge machache vyombo hivyo huwekwa kando, na vidole vya dola vikashuka sahanini sawasawa na vidole vya utingo. Tabibu anayetuusia tule polepole tumemsikia miaka mingi, tukamwitikia, tukaendelea kubugia. Mwiba hautuusii kitu, na amri yake hutiiwa papo hapo.

Fadhila nyingine ya mwiba, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, ni uaminifu wake kwa nchi. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akawala furu wa ziwa, akanenepa, na viwanda vya Mwanza vikaanza kumchuna minofu kwa ajili ya meza za Ulaya. Minofu ikapanda ndege. Mabondo yakasafiri hadi Uchina, yakauzwa kwa bei ambayo mvuvi akiisikia hudhani ametaniwa. Kilichokataa kuhama ni mifupa na kichwa, yaani mapanki, ambayo yalianikwa, yakakaangwa, yakasambaa vijijini. Na filamu ya Hubert Sauper iliyotoka mwaka 2004 ilipoyaonyesha kwa walimwengu, yakawa jambo la dola, hata Rais Kikwete akaikemea filamu ile hadharani mwaka 2006. Sitaki kuifufua mihasama ile. Nasema tu kwamba katika mwili mzima wa sangara, sehemu ambayo haikuomba pasipoti ni ile yenye miiba.

Wako waliojaribu kuushinda mwiba. Watu wa Ufilipino, ambao humpenda mwatiko kama apendwavyo na baadhi ya watu wa pwani yetu, na ambao wanajua jinsi alivyojaa miiba, wana mafundi wanaoketi na vikoleo wakaing'oa mmoja mmoja kabla samaki hajauzwa. Kazi ya kuhurumiwa, nami nashuku kwamba mezani kwao maneno yamezidi. Kanisa Katoliki limekuwa na busara zaidi: halikuupiga vita mwiba, bali limeuwekea mwombezi, Mtakatifu Blasi, askofu wa Sebaste katika Armenia, asimuliwaye kuwa alimwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba. Kwa sababu hiyo kila tarehe 3 Februari makoo ya waumini hubarikiwa kwa mishumaa miwili iliyopishanishwa. Hapana tonge la nyama ya mbuzi, pamoja na heshima zake zote, lililopata kuwekewa sikukuu ya namna hiyo.

Wapinzani watanikumbusha kuwa mwiba huumiza, na hapa sina budi kukiri nusu. Huko kwetu aliyekwamwa huamriwa na kila aliye karibu ameze tonge kubwa la ugali bila kutafuna, ilhali waganga wa hospitali hukataza, wakisema tonge huweza kuusukuma mwiba ukazama zaidi. Lakini ni nani mwenye hatia, mwiba uliolala mahali ulipozaliwa, au mlaji aliyepita juu yake kwa pupa?

Dereva mmoja wa Pwani, aliyekwamwa akaokolewa kwa kikohozi na makofi ya mgongoni, aligoma pale Rusumo kulipa bei kamili, akidai apunguziwe kwa kadiri ya miiba aliyoikuta. Mama mwenye mgahawa alifuta mikono kwa kanga, akamjibu kwa utaratibu:

"Baba, hata mimi samaki huyu nimemnunua kwa kilo, na miiba yake ndani. Ilete yote tuipime, nitakurudishia pesa zako. Na huo uliokwama usiusahau, nao una uzito wake."