Barafu ya bure, Baba Mdogo

 Ile picha niliyotuma kwenye grupu la ukoo, nimeshika beleshi katikati ya weupe, sikuwa kwenye ghala la unga. Swali lako nimeliona: "Barafu hiyo wanauza bei gani?" Hawauzi. Wanaitupa. Asubuhi nzima nimeitupa kwa mikono yangu, nikiwakumbuka sangara wanaosubiri lori la barafu kutoka Mwanza, na mwenye mzigo anazunguka mwaloni kama mtu mwenye mke leba. Ningepata bomba la kuifikisha kwetu Nkome, ningegombea ubunge.

Huku Norwei theluji ikianguka siku tatu mfululizo, watu hawajifungii ndani. Wanaifuata mlimani, kule ilikozidi. Wenzangu wa kazini wakasema twende Geilo, tukalale kwenye hytte, yaani kibanda cha mbao. Nikaaga kama naenda vitani. Kufika stesheni, nasoma ubao: mita 794. Ziwa letu lipo mita 1,134! Nimekuja mlimani, Baba Mdogo, na bado niko chini ya mtumbwi wako kwa zaidi ya mita 300. Tukavaa viatu vipana kama nyungo, tukapanda kwa saa mbili na ushee, na pale nilipokuwa natweta kama mbuzi wa mnadani ndipo nilikuwa nakaribia usawa wa mwalo wa Nkome.

Huku mlima una kanuni 9. Ya 8 inasema geuza mapema, kurudi si aibu. Hiyo niliipenda sana. Nilikuwa tayari kuitii tangu stesheni.

Kibanda chenyewe hatukukiona, tuliona bomba la moshi. Beleshi hutundikwa nje, juu kabisa ukutani. Ungeliona kiangazi ungeuliza ni la jitu gani. Siku hiyo lilikuwa usawa wa goti langu. Tukafukua mlango. Halafu tukafukua choo, maana kiko nje kama chetu, ila chetu kilichimbwa mara moja yakaisha. Maji je? Unajaza sufuria theluji pomoni, unabandika jikoni, unaepua mafunda mawili.

Lakini kilichoninyima raha ni stoo. Kibanda ni cha chama cha watembea milimani, DNT, cha tangu 1868, chenye vibanda zaidi ya 500, na ufunguo wa aina moja hufungua vingi. Ndani kuna rafu za makopo ya nyama, unga wa uji, kahawa, biskuti. Muuzaji hakuna. Mlinzi hakuna. Unakula, unaandika mwenyewe ulichokula, unalipa mwenyewe, unaondoka. Nikatafuta kamera hadi nyuma ya makopo. Sisi ambao jioni tunabeba injini ya mtumbwi begani hadi chumbani! Kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu mwenye mawe halali, mlinzi wake halali, na mwenye karasha anawatazama wote wawili. Nilipopewa fomu nikajaza majina matatu, kijiji, kata na wilaya, nikauliza mhuri unagongwa wapi. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sijui kama na kahawa ya kumwagika inaandikwa.

Wana jibini la kahawia, tamu, rangi na umbo ni mche wa sabuni kabisa. Nililipeleka karibu na beseni la vyombo kabla sijaambiwa. Nami nikatoa dagaa wangu niliowaficha begini, nikakaanga. Mmoja akanusa, akasema harufu hiyo ni ya kwa babu yake, mkausha samaki huko kaskazini. Akamaliza sahani. Sikumwandikia.

Usiku mawingu yalifunguka, mbalamwezi ikawaka juu ya theluji hata ungeweza kushona nyavu nje. Wenzangu wakatoka kuushangilia mwezi. Mimi nikawaza: kwa mbalamwezi hii, leo wavuvi wa dagaa hawaingii majini. Basi Baba Mdogo yuko nyumbani, injini iko mvunguni, na Mama Mdogo anamgombeza kwa harufu ya petroli. Nikakaa dirishani mpaka pumzi yangu ikagandia kioo.

Halafu nikakumbuka biskuti mbili sijaziandika. Nikawasha tochi, nikaanza kutafuta fomu.

Mwambie Bibi mwangaluka.