Kosa la Kuzaliwa Mapema

Wamarekani wanajua haki. Sheria yao ya bima ya afya ya mwaka 2010 inaruhusu mtu wa miaka 64 atozwe hadi mara 3 ya bei ya kijana wa miaka 21. Mvuta sigara, mwisho mara 1.5 ya asiyevuta. Sawasawa kabisa. Sigara ni uraibu, maskini, imemshinda. Kufikisha miaka 64 ni ukaidi wa makusudi. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi, lenye huruma zaidi, likapitisha mswada wa mara 5. Seneti ikaukwamisha. Waliopotoka ni New York na Vermont: huko umri haupandishi bei, na watu wanajizeekea kiholela, bila hata kulipia.