Rula Fupi ya Mto Sio

Huku Masafu, na katika vijiji vyote vinavyopakana na Kenya kutoka Busia kwenda Tororo, kijana kukaa kimya na kitabu ni jambo lenye msimu wake. Oktoba na Novemba huachwa. Mitihani ya taifa iko karibu, kila mtu anajua kilichomkalisha, na hata mbuzi hufukuzwa wasimsumbue. Kitabu hichohicho akikishika Januari, shule zikiwa zimefungwa, kinakuwa dalili ya ugonjwa. Wa kwanza kupita atamuuliza anaumwa nini. Wa pili atamuuliza amegombana na nani nyumbani. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni shangazi, hatauliza kitu. Atamtuma chumvi, maana aliyekaa bure ndiye wa kutumwa. Na kijana akijibu kwamba anafikiria vitu visivyo na mwisho, mambo yameharibika kabisa, kwa sababu Masafu ina hospitali kubwa ya serikali na hakuna anayeweza kusingizia umbali.

Nia yangu ni kumtetea kijana huyo, ingawa si kwa ile hoja ya kwamba kusoma kuna faida. Hiyo hakuna anayeipinga, hasa wale wasiosoma. Ninachodai mimi ni kwamba anayenyamaza juu ya ukurasa yuko kazini: anapima kwa rula fupi, na kwa rula fupi vitu hurefuka. Ushahidi unapita hapa jirani. Mpaka wa Uganda na Kenya, kwa sehemu yetu, unafuata mto Sio na mto Malaba, na mito haina adabu ya kwenda moja kwa moja. Chukua ramani, weka rula ya kilomita kumi kumi, utapata urefu fulani. Rudia kwa kilomita moja moja, urefu unaongezeka, kwa sababu sasa unaingia kwenye kona ulizokuwa ukizikata. Shuka mtoni na kijiti cha mita moja, ongezeko ni kubwa zaidi. Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyefariki mwaka 1953, ndiye aliyeligundua hili alipokuwa akichunguza kama urefu wa mipaka una uhusiano na vita. Alikuta kwamba Hispania na Ureno, nchi zinazotumia mpaka mmoja, zilitoa vipimo viwili: kilomita 987 na kilomita 1,214. Tofauti hiyo ni zaidi ya safari ya Busia hadi Kampala, na hakuna aliyeiba hata hatua moja. Takwimu zake zilichapishwa mwaka 1961, na mwaka 1967 Benoît Mandelbrot akazifanya maarufu kwa kuuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani. Jibu ni kwamba inategemea rula yako, na katika hesabu tupu hakuna kinachouzuia urefu huo kuendelea kukua.

Kwa hiyo kisicho na mwisho hakiko mbali. Wengi wetu tukitajiwa neno hilo tunatazama juu kwenye nyota, au tunakumbuka foleni ya malori kwenye forodha ya Malaba. Foleni hiyo nayo ina sifa zake. Januari 2022, madereva walipotakiwa kupimwa Uviko-19 mpakani, malori yalijipanga makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na dereva aliyekuwa mkiani alikuwa na haki ya kuamini kwamba ahera iko karibu kuliko forodha. Lakini tuiache hata hiyo, tuwaze foleni isiyoisha kweli. Bado kila lori lina namba yake: la kwanza, la pili, la milioni, na kuendelea. Georg Cantor, Mjerumani aliyezaliwa Urusi, alithibitisha mwaka 1874 kwamba katika ukoo wa visivyo na mwisho wapo wakubwa kuliko foleni ya namna hiyo. Nukta zilizomo ndani ya mita moja tu ya mstari wa mpaka, pale inapopita mikokoteni ya ndizi, ni nyingi kuliko malori yote ya foleni isiyoisha, na hakuna karani anayeweza kuzipa namba zikaenea. Hili silisemi kwa ajili ya kupendezesha habari. Ukubwa uliomshinda karani haukupatikana kwa kurefusha foleni hadi Mombasa. Ulipatikana kwa kuinama juu ya mita moja na kukataa kuipita haraka.

Sasa kelele. Kelele haimnyimi mtu kitabu, inambadilishia rula. Pikipiki ikiunguruma dirishani, spika ya mkutano wa injili ikijaribiwa kwa "moja, mbili, moja, mbili" (wahubiri nao hawafiki tatu), na simu ya jirani ikiita mpaka mwisho kwa sababu jirani mwenyewe yuko kisimani, msomaji bado anasoma, ila anasoma vichwa vya habari. Mstari mmoja anaurudia hadi anaukariri bila kuuelewa. Sheria inalijua tatizo hili kuliko tunavyodhani. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 kuhusu viwango vya kelele ziliweka hospitali na maktaba ya umma katika kundi moja, desibeli 45 mchana, na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60. Desibeli nazo hazijumlishwi kama mafungu ya nyanya. Kila 10 zinazoongezeka huzidisha nguvu ya sauti mara kumi. Maana yake, wazee wawili wakikutana mlangoni pa maktaba wakaulizana habari za nyumbani, za mihogo, za mvua na za yule aliyekwenda Mbale, wamevuka kiwango hicho zaidi ya mara thelathini kabla hawajafika kwenye jambo lililowaleta. Sitegemei askari aje kuwakamata kwa ajili hiyo. Na mbali na kelele, ajali za kitabu chenyewe zipo nyingi: hufunikia maziwa, hupepea jiko, na kurasa zake za mwisho huenda sokoni kufungia njugu. Hiyo ya njugu, nakiri, inakaribia kuthibitisha hoja yangu kwa njia nisiyoipenda, kwa kuwa hadithi iliyokatwa sura ya mwisho ndiyo pekee isiyoisha kikweli.

Pingamizi zito linatoka kwa wanaosema kwamba kusoma kimya si desturi yetu, ni majivuno ya kuletwa. Wana hoja. Tenzi zilitungwa zisikike, barua zilisomewa ukoo mzima, na hadi leo gazeti moja kwenye kituo cha boda boda hulisha watu saba, mmoja akisoma na sita wakimsahihisha. Zaidi ya hapo, historia iko upande wao. Katika karne ya 4 Agostino, Mwafrika wa Kaskazini, alimkuta Askofu Ambrosi kule Milano akipitisha macho kwenye kurasa bila kutoa sauti, akashangaa kiasi cha kuandika habari hiyo. Akakisia kwamba pengine askofu anatunza koo, au anakwepa wageni wasimsimamishe na kumtaka afafanue sehemu ngumu. Hayo ndiyo maswali ya wapita njia wa Masafu, tofauti ni kwamba Agostino hakumtuma chumvi. Hata hivyo angalia jambo moja katika habari hiyo: mlango wa Ambrosi ulikuwa wazi, watu wakiingia na kutoka. Hakuhama mji ili asome. Huwezi kusema amewadharau watu mtu aliyesoma katikati yao. Naye Richardson alikuwa wa Kanisa la Marafiki, hao waitwao Quaker, waliozoea kuabudu kwa kukaa kimya pamoja, na ndiyo sababu katika Vita Kuu ya Kwanza aliendesha gari la wagonjwa badala ya kubeba bunduki. Marafiki walifika Kaimosi, ng'ambo ya pili ya mpaka wetu, mwaka 1902, mwaka uleule ambao Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulikatwa na kupewa upande wa Kenya. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na ukipita kanisani kwao Jumapili utawasikia kabla hujawaona. Wanaimba, na wanaimba vizuri. Sioni mgongano. Kuna kazi za sauti na kuna kazi za rula fupi, na mtu mmoja anaweza kuzifanya zote kwa wiki moja, bora asilazimishwe kuzifanya kwa dakika moja.

Wapo pia wajuzi watakaosema kwamba mto halisi hauna kona zisizoisha: ukishuka sana unafika kwenye mchanga, halafu kwenye atomu, na rula inakosa pa kukanyaga. Ni kweli. Mabadilishano ya fedha pale Busia hufikia kikomo namna hiyo. Tuseme mbadilishaji anabaki na 2 katika kila mia ukigeuza shilingi za Kenya kuwa za Uganda na kuzirudisha. Anza na 1,000. Kwenye duru ya 35 umebaki na chini ya nusu, na kwenye duru ya 342 umeshuka chini ya shilingi moja. Katika hesabu hutafika sifuri kamwe. Katika Busia utafika, kwa kuwa hakuna sarafu ndogo ya kukurudishia, na mbadilishaji atakuwa ameshakuuliza zamani kama huna kwenu. Lakini mwenye pingamizi hili ananisaidia. Mwisho upo, ila umewekwa mbali sana kuliko pale wengi wetu tunapochoka, na riwaya yoyote nzuri ina kona nyingi kabla ya mchanga. Aliyeisoma mara moja kwenye basi la Tororo hajaufikia mchanga huo; amekata kona.

Linabaki swali la tumbo, ambalo huku ndilo huulizwa mwanzo na mwisho: ukimya huo unaleta shilingi ngapi? Ningeweza kujibu kwa kutaja wahandisi na mahakimu, na kijana angeahidiwa makuu ambayo pengine hatayapata. Jibu la kweli zaidi liko mtoni, ingawa si la kusimuliwa mbele ya polisi. Wapo wanaovusha sukari na mafuta usiku kwa njia za panya. Hao hawapigi kelele. Hawatumii ramani ya ukutani yenye mstari mmoja mweusi. Wanajua kila tawi la Sio, palipo na jiwe, palipomegeka baada ya mvua ya Aprili, na mahali ambapo mto unajipinda hata mtu akavuka mpaka mara mbili na kujikuta tena nchini kwake, mizigo kichwani, bila kosa lolote la kushtakiwa. Sisifu magendo, kodi ndiyo hujenga hata hizo maktaba tusizonazo. Ninachosema ni kwamba katika biashara nzima ya mpakani, hao ndio wanaopima kwa kijiti kifupi kuliko wote, na hakuna anayewauliza kinawaletea nini. Mvua ikibomoa ukingo, wanaanza kupima upya.